Boksi moja la braketi ya TV, na kila anayelishika analipima kivyake

Nianze na makaratasi matatu yaliyokuwa mezani kwangu siku mzigo wangu wa kwanza wa braketi umeingia Dar, maana ndo yalinilazimisha nijifunze hii kitu. Karatasi ya kwanza ni ya kiwanda, inasema katoni 60, kila moja kilo 17, jumla kilo 1,020. Ya pili ni ya wale wanaokusanya mizigo ya watu wengi kwenye kontena moja, wao kilo hawakuzigusa kabisa, wameandika CBM 3.86, yani mita za ujazo, na bei wameipiga kwa hiyo. Ya tatu ya wakala wa forodha, yeye hajali kilo wala CBM, kaandika namba ndefu yenye tarakimu nane na chini yake ushuru. Nikakaa pale dukani, mvua inapiga bati, nikasema hapa naibiwa mchana kweupe, yani chuma, CHUMA, kinatozwa usafiri kwa ukubwa wa boksi utadhani nimeagiza magodoro!

Kumbe sikuwa naibiwa, au tuseme aliyekuwa ananiibia ni mimi mwenyewe na lile boksi.

Tangu hapo naulizwa sana na wenzangu wa Makoroboi na Igoma hapa Mwanza wanaotaka kuagiza, "dada hivi braketi ziko klasi gani?", mwingine anamaanisha ushuru, mwingine anamaanisha nauli ya meli, mwingine kaona neno klasi kwenye karatasi iliyotoka Marekani akadhani ni kitu cha TRA. Ni maswali tofauti yanayoulizwa na watu tofauti kuhusu boksi hilohilo moja, na majibu yake hayaingiliani. Anayekubebea majini anauliza linachukua nafasi gani. Wa ndege anauliza linalemea kiasi gani. Wa lori la Marekani anauliza vyote viwili kwa pamoja. Forodha inauliza ni kitu gani hiki. Ukichanganya maswali hayo ndo unajikuta unagombana na mtu asiyehusika.

Tuliangalie boksi lenyewe kwanza. Braketi ya kawaida isiyocheza, ile ya TV inchi 32 mpaka 70, ni sahani ya chuma inayokaa ukutani, vyuma viwili virefu vinavyofungwa mgongoni kwa TV, na mfuko wa bolti, washa na zile plagi za plastiki za kuzamisha ukutani. Matundu yake yanafuata vipimo vya VESA, umbali kati ya tundu na tundu kwa milimita, ndo maana unaona 200×200 au 400×400 kwenye boksi. Za kwangu kila moja ilikuwa ndani ya kiboksi cha sm 44 kwa 22 kwa 4, kilo 1.6, vikapangwa kumi kwenye katoni kubwa. Katoni ya kubana vizuri ingetosha sm 46 kwa 24 kwa 42. Kiwanda kilinitumia katoni ya sm 50 kwa 28 kwa 46, pembeni wamejaza karatasi za kukunjakunja. Sentimita nne tu kila upande, nani angeona?

Meli iliona. Kwenye mzigo wa kuchangia kontena kanuni ni kwamba CBM moja inalinganishwa na tani moja, halafu unalipia ile iliyo kubwa zaidi. Mzigo wangu kwa uzito ni tani 1.02. Kwa ujazo, zidisha 0.50 kwa 0.28 kwa 0.46 unapata 0.0644, mara katoni 60 ni CBM 3.86. Kubwa ni 3.86, kwa hiyo hiyo ndo unalipa, na kilo zako hazina kazi. Chuma kitupu kina kilo kama 7,850 kwa mita moja ya ujazo, lakini braketi si chuma kitupu, ni bati lililokunjwa lenye matobo matobo, na ukishaliweka kwenye kiboksi na kiboksi kwenye katoni, mita nzima ya ujazo inabeba kilo 264 tu. Majini bado ni mzigo mwepesi. Ili uzito ushinde ujazo inabidi ulete vitu kama vigae au bolti zenyewe zimejaa kwenye madebe.

Sasa chukua ile katoni ya kubana, 46 kwa 24 kwa 42. Katoni 60 zinakuwa CBM 2.78. Tofauti ni CBM 1.08, karibu asilimia 39 juu ya nilichotakiwa kulipa, na ndani ya hiyo nafasi hakukuwa na braketi hata moja, kulikuwa na hewa na karatasi za kukunjakunja. Nilisafirisha hewa kutoka China mpaka ziwani kwetu ambako hewa tunayo ya kutosha.

Hata ukifikia hatua ya kujaza kontena lako mwenyewe hesabu haibadiliki. Kontena la futi 20 lina ujazo wa CBM kama 33 na linaruhusiwa kubeba tani kama 28. Braketi zilizobanwa vizuri zikijaa mpaka juu hazifiki hata tani 13. Litajaa kabla halijalemewa, kwa hiyo kila sentimita ya boksi ni pesa.

Ndege ni kinyume kabisa. Kule wanachukua ujazo kwa sentimita wanagawa kwa 6,000 (kampuni nyingi za vifurushi vya haraka zinagawa kwa 5,000) wanapata kilo za kuhesabu, halafu wanalinganisha na kilo za mizani, na hapo pia kubwa ndo inalipwa. Katoni yangu kubwa yenye hewa inatoa kilo 10.7 za kuhesabu, mizani inasema 17, unalipa 17. Ukiibana inatoa 7.7, bado unalipa 17. Yani kwenye ndege hewa yako haikudhuru, kinachokuumiza ni chuma. Boksi lilelile lililokuwa jepesi majini huku limekuwa zito, na hakuna aliyedanganya. Kwa ndege mi ningeleta sampuli mbili tatu basi.

Ila kuna braketi zinazoumia kote kote, zile za mkono unaovutwa na kuzungushwa, kiwanda kikituma zimeshaunganishwa mkono umesimama. Tuseme boksi la sm 60 kwa 45 kwa 25, kilo 5. Ndege itakuhesabia kilo 11.25. Meli nayo inakuhesabia nafasi ambayo kama mkono ungekunjwa na sahani kufunguliwa wangeingia wenzake wanne watano. Ukiona tangazo linasema "haihitaji kuunganisha" jua hiyo raha ya fundi unailipia wewe kwenye nauli.

Sasa hii ya klasi. Shemeji yangu yuko Ohio, alipata braketi zilizokuwa zinauzwa kumaliza stoo, katoni 20 vipimo sawasawa na ile katoni ya kubana niliyosema, kilo 17 kila moja. Akaziweka kwenye paleti zisafirishwe kwa lori mpaka kwa mkusanyaji wa mizigo New Jersey. Akapewa bei ya klasi 70, akafurahi, akanitumia picha. Wiki mbili baadaye ikaja bili ya nyongeza, mzigo umepimwa upya njiani umehamishiwa klasi 85. Shemeji akanipigia ana hasira, anasema hawa jamaa ni matapeli. Nikamwambia tuma picha ya paleti.

Marekani malori yanayobeba mizigo midogo ya watu tofauti kwa pamoja yanatumia mfumo unaosimamiwa na chama cha wasafirishaji kinaitwa NMFTA. Una klasi 18, kuanzia 50 mpaka 500, na namba ikiwa ndogo nauli ni nafuu. Wanaangalia mambo manne: uzito kwa ujazo, mzigo unapangika vipi na mizigo mingine, unashikika kirahisi au unasumbua, na dhamana, yani uwezekano wa kuharibika, kuibiwa au kuharibu vya wenzake. Zamani bidhaa nyingi zilikuwa na klasi yake iliyopangwa tu kwa jina. Tarehe 19 Julai 2025 wakaleta mabadiliko makubwa, bidhaa nyingi zisizo na shida maalumu zikahamishiwa kwenye ngazi 13 zinazoangalia uzito kwa ujazo peke yake. Chini ya pauni 1 kwa futi ya ujazo ni klasi 400, na ukifika pauni 50 kwenda juu ni klasi 50. Zinazotuhusu sisi wa braketi ziko katikati: pauni 12 hadi chini ya 15 ni 85, 15 hadi chini ya 22.5 ni 70, 22.5 hadi chini ya 30 ni 65.

Ukipima katoni moja peke yake unapata pauni 22.9 kwa futi, klasi 65, safi kabisa. Lakini lori halibebi katoni peke yake, linapima paleti nzima kuanzia mbao za chini mpaka kilele, na upana wa pale palipotokeza zaidi. Paleti yao ya kawaida ni inchi 48 kwa 40. Ukizisimamisha katoni zile kitako kikawa sm 46 kwa 24, zinaingia kumi kwa safu, safu mbili umemaliza, urefu na mbao zake ni kama inchi 39. Uzito na paleti ni kama pauni 789, ujazo futi 43.3, unapata pauni 18.2. Klasi 70. Ndo ile bei aliyopewa.

Picha ilipokuja nikacheka. Kijana wa stoo alikuwa amezilaza, kitako sm 46 kwa 42, zinaingia nne tu kwa safu na pembeni zinabaki nafasi za bure, safu tano kwenda juu, urefu inchi 53. Paleti ileile, katoni zilezile, pauni zilezile, ila ujazo sasa ni futi 58.9 na ukigawanya unapata pauni 13.4. Klasi 85. Hakuna tapeli hapo, ni mpangilio wa dakika kumi. Na angeacha katoni zitokeze nje ya paleti hata inchi mbili tu kila upande hizo pauni kwa futi zingezidi kushuka, maana ile hewa inayotokeza nayo wanaihesabu.

Huku kwetu hiyo klasi haipo, nisisitize. Hakuna mtu wa Fuso wala wa basi pale stendi ya Nyegezi atakuuliza klasi. Pale kuna jicho. Kijana anaangalia boksi, analisukuma kwa mguu, analinyanyua kona moja, anakwambia "hili elfu kumi na tano mama", na ukibisha anakwambia angalia lilivyo refu. Akili yake inafanya hesabu ileile ya NMFTA bila karatasi, ukubwa, uzito na usumbufu wa kulipanga kwenye buti ya basi. Mi nilishawahi kujaribu ujanja wa kufunga katoni mbili kwa kamba zihesabiwe moja, kwa bei nilishinda kweli, ila kilo 34 hakuna mtu anayezishusha kwa adabu, zinadondoshwa. Nikaacha.

Forodha nayo ni dunia nyingine kabisa. Hapa hata ufungashe vipi namba haibadiliki, kwa sababu swali ni "hiki ni kitu gani". Namba zinatoka kwenye mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, unaotumika tangu 1988, tarakimu sita za mwanzo ni sawa dunia nzima na Afrika Mashariki tunaongeza zetu zinakuwa nane. Braketi ya TV inagombaniwa na vichwa vitatu, yani makundi ya tarakimu nne za mwanzo. Kuna 8529, vipuri vya TV na jamii yake. Kuna 8302, vifaa vya kufungia vya metali ya kawaida, ambapo braketi zimetajwa kwa jina. Na kuna 7326, vitu vingine vya chuma, ile kapu la kila kisichokuwa na kwao.

Viwanda vingi vinapenda kuandika ile ya vipuri vya TV kwa sababu kwenye boksi kuna picha ya TV. Lakini jiulize, TV ikikosa braketi haiwaki? Inawaka, unaiweka juu ya kabati inaonyesha mpira kama kawaida. Kichwa cha 8529 kinazungumzia vipuri, na kipuri ni kitu ambacho mashine ina upungufu bila hicho, braketi ni kisaidizi tu. Halafu kuna maelezo ya kisheria yanayosema vifaa vya metali vya matumizi ya jumla, na 8302 vimo humo, haviruhusiwi kuingia kwenye sehemu ya mashine na umeme hata kama vimetengenezwa kwa ajili yake. Na 7326 huwezi kuikimbilia wakati kuna kichwa kinachokutaja kwa jina. Kwa hiyo kwa ile ya ukutani ya chuma mimi hoja yangu ni 8302.50, na ndo namwambia wakala aandike. Stendi ya kusimama sakafuni yenye magurudumu ni habari nyingine, ile inaanza kunukia fanicha, sura ya 94, usiichanganye kwenye mstari mmoja na za ukutani.

Kwa nini ujali? Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki tangu Julai 2022 una ngazi nne kuu, asilimia 0, 10, 25 na 35, na vichwa tofauti vinaweza kuangukia ngazi tofauti. Ukiandikiwa kichwa cha juu unalipa zaidi, ukiandikiwa cha chini kimakosa wakija kukagua baadaye wanakudai tofauti na faini juu. Mwambie wakala akuonyeshe mstari wenyewe kwenye kitabu cha ushuru, kwa macho yako, usiridhike na "hiyo dada niachie mimi". Kama mzigo ni mkubwa omba uamuzi wa TRA mapema kwa maandishi kabla mzigo haujapanda meli, unaambatanisha picha, maelezo na kinachofanywa na kifaa.

Na hapa ndo yale maswali tofauti yanapokutana, sehemu ambayo watu wengi hawaioni. Ushuru haukatwi kwenye bei ya bidhaa tu, unakatwa kwenye bei pamoja na bima na nauli. VAT ya asilimia 18 inakuja juu ya hayo yote ukijumlisha na ushuru. Chukua mfano wa mzigo wa milioni 4, nauli na bima laki 6, ushuru tuseme asilimia 25. Ushuru ni 1,150,000, VAT ni 1,035,000. Sasa nauli ikipanda ikawa milioni 1 kwa sababu ya katoni zenye hewa, ushuru unakuwa 1,250,000 na VAT 1,125,000. Nauli imeongezeka laki 4, kodi nayo imeongezeka 190,000 juu yake, na hapo sijagusa tozo nyingine ndogondogo. Ile hewa ya kwenye boksi, nimeilipia nauli halafu nikailipia na kodi!

Basi nikafika kwenye ufungashaji wenyewe, na hapa ndo nimekaa muda mrefu kuliko kote, maana nilidhani kubana katoni ni kumwambia kiwanda "punguzeni boksi" imekwisha. Wakapunguza. Mzigo wa pili ukaja CBM 2.78 kamili, nikafurahi, ukafika Nyegezi katoni tisa zimepasuka kona na ndani mifuko ya bolti haipo. Haijaibiwa, imetoboka na bolti zimemwagika kila mahali, nyingine nimezikuta zimelala kwenye mikunjo ya katoni, nyingine ziko barabarani kati ya Dar na hapa, kilomita kama 1,150 hizo. Braketi bila bolti haiuziki, mteja hataki kusikia. Nikashinda siku nzima mjini kati nanunua M6 na M8 kwa kuhesabu, za urefu unaofaa, washa zake, plagi zake, narudi dukani napima kwenye sahani za jikoni nafunga kwenye vinailoni vya barafu. Faida ya zile katoni tisa iliishia pale.

Tatizo la braketi ni kwamba ni nzito, nyembamba na ina makali. Glasi ukiifungasha unaogopa dunia isiivunje, braketi unaogopa isivunje boksi lake. Kila lori likipiga bonde ile sahani inasogea milimita moja, inapiga ukuta wa boksi palepale, inarudi, inapiga tena, mpaka kona inakuwa laini kama kitambaa halafu siku ya kushushwa inafunguka. Zile karatasi za kukunjakunja za mwanzo zilikuwa hazina maana kwa sababu zinagandamizwa siku ya kwanza na kubaki nafasi ya kuchezea. Kwa hiyo kinachotakiwa si nafasi, ni kushikwa. Sahani iingie kwenye mfuko wake wa nailoni isikwaruze rangi ya mwenzake, vile vyuma viwili virefu vilale ndani ya sahani palipo na bonde badala ya juu yake, kwenye ncha zote nne kiwekwe kipande cha foamu nyembamba au hata kadibodi iliyokunjwa mara mbili, na bolti zikae kwenye kisahani cha plastiki chenye vyumba vilivyofunikwa, kiwe kimenasishwa katikati ya sahani mbali na kona. Hivi vyote havikuongeza hata nusu sentimita kwenye kiboksi, ni kupanga tu.

Katoni ya nje nayo. Kuna ya ukuta mmoja na ya kuta mbili, ukiikata utaona mawimbi safu moja au safu mbili. Boksi zilizotengenezwa Marekani chini zina muhuri wa duara na namba ya ECT, nguvu ya ukingo kuhimili kugandamizwa, 32 ni ya ukuta mmoja ya kawaida na 48 ni ya kuta mbili. Kilo 17 za chuma chenye makali nazitaka kuta mbili. Na sivuki kilo 20 kwa katoni, si kwa sababu ya sheria, ni kwa sababu ya mgongo wa mtu, kuli akiweza kulibeba peke yake bila kuhema analiweka, akishindwa analiachia.

Unyevu ndo adui ambaye sisi wa ziwani tunamjua. Katoni ikikaa kwenye hewa nzito yenye unyevu muda mrefu inaweza kupoteza hata nusu ya nguvu yake ya kubeba wenzake juu. Kontena lenyewe baharini linatoka jasho, joto la mchana na baridi ya usiku vinafanya matone chini ya paa na yanadondokea safu ya juu. Vipakiti vya kunyonya unyevu ndani ya katoni na nailoni juu ya safu ya mwisho vinatosha. Dukani kwangu haigusi sakafu katoni yoyote, ziko juu ya mbao, na msimu wa masika nazigeuza. Wanaochukua mzigo kwenda Nansio kwa boti nawafungia turubai mwenyewe, maji ya ziwa yakipiga pembeni ya chombo hayana habari na kadibodi yako. Wa Sengerema na Geita siku hizi ni raha tu, tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025 gari linapita moja kwa moja, ule muda wa kungojea kivuko juani na mzigo wazi haupo tena.

Ukipanga kwenye paleti, panga kona juu ya kona kama nguzo. Najua fundi wa tofali atakwambia zipishane ndo ukuta unashika, kwa tofali sawa, kwa katoni hapana, nguvu ya katoni iko kwenye kona zake nne, ukizipishanisha kona ya juu inakaa katikati ya ya chini inaibonyeza. Zishike na nailoni ya kuzungushia na kamba za plastiki zilizokazwa, na paleti yenyewe kama ni ya mbao na inavuka mipaka iwe na muhuri wa ISPM 15 wenye herufi HT, maana yake mbao zilipashwa joto mpaka nyuzi 56 katikati kwa dakika 30 kuua wadudu. Bila muhuri huo mzigo unaweza kuzuiwa kwa sababu ya mbao tu, braketi zako hazina kosa.

Kabla ya kuagiza mzigo wa tatu niliomba kiwanda wanitumie katoni moja iliyojaa, kwa ndege, kilo 17 nikalipa kilo 17 bila kelele. Kuna utaratibu wa majaribio wa ISTA, chama cha kimataifa cha kupima ufungashaji wa mizigo ya safari, wa mizigo ya uzito kama huo unadondosha kutoka sm 61 mara kumi: kona moja, kingo tatu zinazokutana kwenye kona hiyo, halafu pande zote sita. Mimi na mtoto wa dada yangu tukalifanya uani kwetu Kitangiri, tumepima sm 61 kwa futi kamba ukutani, anashika boksi usawa wa alama, namwambia achia, mi narekodi na simu. Jirani akatoka akauliza "mama, mmegombana na boksi?" Kona, likatoa sauti nzito. Kingo ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikalikagua, lipo. Upande wa kwanza, wa pili. Mdondoko wa saba, ule wa ubavu mrefu, selotepu ya chini ikaachia upande mmoja kama sentimita kumi.

Tulipofungua ndani bolti zote zipo kwenye visahani vyake, rangi haina mkwaruzo, ila ile selotepu ilikuwa mstari mmoja tu katikati. Nikawatumia video, nikawaambia nataka ipigwe kwa umbo la herufi H, katikati na kingo zote mbili, na kamba mbili za plastiki juu yake. Wakaongeza bei ya katoni kidogo, nikakubali kabla hawajamaliza kuandika. Mtoto akaniuliza sasa hili tulilolidondosha tunauza? Tukapanga upya, tukapiga H, kesho yake asubuhi likapanda kirikuu na mengine kwenda kwa mteja wangu wa Buhongwa.